Niliuza Dagaa Wote, Damu Ikaniishia

Kazi yangu ni kuanika dagaa kwenye mwalo mmoja hapa Sengerema. Mzigo wetu husafiri mbali: mwingine huvuka hadi Kongo, mwingine husagwa kuwa chakula cha kuku. Nyumbani tulikula ugali wa muhogo kwa mlenda, asubuhi chai ya rangi na michembe. Dagaa ni pesa, na nani anakula pesa?

Mimba ya pili ikanielemea. Nikipandisha beseni kutoka mwaloni, macho yanaingia giza. Kliniki wakapima damu: 8, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, nikarudi kwenye sahani ileile.

Ikafika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alitandika turubai, akapanga dagaa, kunde, mgagani, viazi lishe, mapapai na malimao, kisha akauliza kipi kati ya hivyo hakipatikani kwetu. Kimya. Akatwambia tusione aibu, kwani utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliwakuta wajawazito 57 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Akafundisha kwamba chai inayonywewa na chakula huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na limao husaidia. Tena mjamzito aongeze mlo mmoja kwa siku.

Hayo yote yangeishia pale turubaini kama angetufundisha wajawazito peke yetu. Yeye aliwaita na waume na wakwe. Mama mkwe alikuwa amenikataza mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Na nisishibe sana, mtoto asije akawa mkubwa nikashindwa kujifungua. Mhudumu hakubishana naye. Alimwuliza tu, "Mama, dagaa mnawauza ili kuku wa watu wapate kutaga. Huyu mkweo atajenga mtoto kwa mlenda?" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka.

Tangu hapo, dagaa wa nyumbani hutengwa kabla mnunuzi hajapima, na anayewatenga ni mume wangu. Mayai huyapika mama mkwe mwenyewe. Damu ilipanda ikafika 11, nikajifungua salama.

Wenzangu wakiniuliza siri, nawaambia: mkienda kwenye mafunzo, nendeni na anayeshika pesa na anayeshika mwiko.