Waya wa Moto na Nguvu Yenye Kiasi



Wapendwa wanaparokia, kila Majilio yanapokaribia vijana wetu huanza kukusanya yale mabamba meupe, mepesi, yanayotupwa madukani baada ya maboksi ya televisheni na majokofu kufunguliwa. Kwa mabamba hayo huchonga nyota, malaika na miamba ya pango la Noeli. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipoandaa pango lake kule Greccio mwaka 1223, alitumia hori, nyasi na wanyama hai. Sisi tunatumia polistaireni. Kwa kuwa kisu huichanachana na kumwaga punje kila mahali, vijana hujitengenezea kikatio cha waya wa moto: upinde wa mbao, waya mwembamba uliokazwa kwa springi, na umeme wa kuupasha. Linalotushughulisha juma hili ni hilo la mwisho: umeme huo utoke wapi?

Jibu jepesi ni tundu la ukutani. Mbona jiko la umeme nalo huchomekwa papo hapo? Ni swali la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu badala ya kukemewa.

Waya unaofaa ni wa nikromu, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao Mmarekani Albert Marsh alipewa hataza yake mwaka 1906. Huhimili moto mkali bila kuliwa na kutu upesi. Waya wa unene wa milimita 0.4 na urefu wa sentimita 60 una ukinzani wa ohm 5 hivi. Tukiupa volti 12, utapitisha ampea 2.4 na kutoa joto la wati 29 hivi. Hilo latosha, kwani polistaireni huanza kulainika kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Tukiupa volti 230 za ukutani, utadai ampea 46! Utakatika kwa kishindo na cheche. Koili ya jiko la wati 1,000 haifanyi hivyo kwa sababu ni ndefu zaidi, nayo ina ukinzani wa ohm 53 hivi.

Lakini kukatika kwa waya si hofu yetu kubwa. Waya wa kikatio hauna ganda. Uko wazi, karibu na vidole. Kijana akiugusa ukiwa umeungwa na tundu la ukutani, huku amesimama pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu, umeme waweza kupita mwilini mwake na kumwua. Hata akipunguza volti kwa kuunganisha balbu katikati, hatari hiyo haiondoki.

Basi tufanyeje? Itumike transfoma ya kushusha umeme hadi volti 12, ambayo nyaya zake za upande wa pili hazigusani kabisa na zile za upande wa kwanza. Au itumike betri ya gari. Hiyo nayo isidharauliwe: volti zake ni chache, lakini ncha zake zikigusana humwaga mamia ya ampea na kuwasha moto. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 iwekwe karibu na betri, na swichi ifuatie. Chaja ya simu ya volti 5 haitafua dafu kwa waya wa urefu huo, maana ingetoa wati 5 tu.

Upinde ukiwa mfupi, nguvu nayo ipunguzwe: kwa sentimita 30, volti 6 zatosha. Waya usiwe mwekundu. Ukiwaka, umezidi; hautakata bali utaunguza, na moshi wake ni sumu. Kazi ifanyike nje, penye hewa, na mtu mzima awepo.

Wapendwa, tunaandika haya kwa wazazi na walezi kuliko kwa mafundi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Tusione haya kumwambia kijana mwenye bidii "subiri kwanza", wala tusiishie hapo tukamwacha bila njia. Tumtafutie transfoma, tumwite fundi umeme, tukae naye. Katazo lisilo na msaada humfundisha kijana kufanya kwa siri.

Waya huo unatufundisha pia jambo la nyumbani. Umeme uleule, ukipewa kipimo, huchonga nyota. Ukiachiwa wote, huharibu chombo na mwenye chombo. Ndivyo yalivyo mamlaka ya baba, ya mama, ya mwalimu, na ya paroko. Aliye na nguvu nyingi ndiye anayepaswa kwanza kutafuta fyuzi.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu