"Mutual" ni ya pande mbili

Wengi wetu neno "mutual" tulilionea kwanza Facebook: "mutual friends", yaani watu ambao wewe na mwenzako wote mnafahamiana nao. Kuna walimu wakali wa Kiingereza waliokataa matumizi hayo, eti iwe "common friends". Lakini Charles Dickens alishatoa riwaya nzima inayoitwa Our Mutual Friend mwaka 1864 na 1865, kwa hiyo ugomvi huo tuwaachie wenyewe.

Maana yake ya msingi ni kitu kinachoenda na kurudi. Asili yake ni Kilatini, mutuus, kitu cha kukopeshana. Sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda tunamjua ndugu yake wa Kifaransa: mutuelle, wengine wanaita mitiweli. Unachanga ukiwa mzima, ukiugua michango ya wenzako inakutibisha. Hata likelemba ya mama zetu ni hivyohivyo.

Kiswahili chenyewe kinamaliza kazi na -ana mwishoni mwa kitendo. Kusaidia, kusaidiana. Kirundi na Kinyarwanda wana gufashanya, Kilingala kosalisana. Ni herufi chache tu, ila zikianguka njiani maana inageuka, na hapo ndipo sisi wakalimani wa kujitolea tunatoka jasho. Chukua kikao cha wakimbizi na wenyeji kuhusu kuni. Mgeni anasema "mutual respect", mkalimani ana haraka, anatafsiri "muwe na heshima". Basi! Wakimbizi wanasikia wanaambiwa wanyenyekee, wenyeji wanasikia wanalaumiwa, kila mtu ananuna. Ukisema "tuheshimiane", kila upande umepata kazi ya kufanya.

Hapa Uganda tuko na sera ya 70 kwa 30: asilimia 30 ya misaada inayokuja kwa ajili ya wakimbizi inatakiwa iwafikie wenyeji wanaotuzunguka. Ndiyo maana shule na kisima tunatumia pamoja. Wenyeji wengine hawajui kama sera hiyo ipo, wanafikiri kila gari la shirika ni letu peke yetu.

Na ninyi kaka na dada zetu wa mashirika, neno "mutual accountability" mnalipenda sana. Kila mwezi tunajaza fomu kuwaeleza tumefanya nini na mafunzo mliyotupa. Tunaomba kujua: fomu ya sisi kuwauliza ninyi iko ofisi gani?