Miaka mitano bila mshahara

Nimekuwa kimya kidogo hapa. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nakimbizana na habari. Mwaka wa pili sasa nalipwa kwa habari iliyotoka tu. Isipotoka, nauli imekwenda bure. Shahada yangu iko ukutani kwa mama. Juzi nimeuliza habari ya mkataba, mkubwa mmoja kazini akanijibu: "Kijana, vumilia. Wote tulianza hivyo hivyo."

Usiku nikasoma maisha ya Lise Meitner. Huyu ndiye, pamoja na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, aliyeeleza mwaka 1939 jinsi kiini cha atomu ya urani kinavyopasuka. Mwanzoni nikadhani yule mkubwa kasema kweli.

Meitner alizaliwa Vienna mwaka 1878. Enzi zile shule ya msichana iliishia miaka 14. Chuo kikuu kilipofunguliwa kwa wanawake, ilibidi asome kwa miaka miwili masomo ambayo wavulana waliyasoma kwa minane. Mwaka 1901 wasichana 14 walifanya mtihani, wakafaulu wanne, yeye akiwemo. Akafundishwa na Ludwig Boltzmann, akapata udaktari wa fizikia mwaka 1906.

Mwaka 1907 akaenda Berlin kumsikiliza Max Planck. Akaanza utafiti wa mionzi na mkemia Otto Hahn. Lakini mkuu wa taasisi ile ya kemia hakutaka wanawake. Meitner akapewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, chenye mlango wake wa nje. Kupanda juu kwenye maabara za wanaume, marufuku. Akitaka choo, anakwenda hoteli ya jirani! Marufuku ile iliondolewa baada ya vyuo vya Prussia kuruhusu wanawake mwaka 1908. Mshahara wa kwanza aliupata mwaka 1912, Planck alipomfanya msaidizi wake, kazi yenyewe kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Mwaka 1922 akapata haki ya kufundisha chuo kikuu. Mhadhara wake wa kwanza ulihusu mionzi na mambo ya anga za mbali. Gazeti likaandika kuwa ulihusu fizikia ya vipodozi! Kwa Kijerumani maneno hayo mawili yanakaribiana, lakini ndugu zangu waandishi, aibu ile ni yetu. Mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa fizikia Ujerumani.

Sasa turudi kwa yule mkubwa. Miaka ile mitano Meitner alikula nini? Baba yake, wakili wa Vienna, ndiye aliyekuwa akimtumia pesa, hadi alipofariki mwaka 1910. Kumbe uvumilivu ule ulikuwa na mtu wa kuulipia. Wasichana wangapi walikuwa na akili kama yake, ila hawakuwa na baba wakili? Hao hatuwasomi popote.

Kodi ya chumba changu analipa dada yangu, anauza vitenge sokoni. Ana watoto watatu. Kila nikiambiwa "vumilia", anayevumilia ni yeye.

Jumatatu nakwenda kuuliza mkataba tena, safari hii kwa barua. Nyie wenzangu mnaolipwa kwa habari, nani anawalipia kodi?