Biskuti na siagi ya mwezi wa kumi

Watu wengi hudhani kwamba biskuti hupata umbo lake motoni. Sivyo. Moto hukaza tu kile ambacho mikono imekwisha kupanga.

Hapa Lubumbashi nina jirani mjane. Huuza biskuti mlangoni pa shule, na faida yake ndiyo inayolipa masomo ya binti yake aliye sekondari. Wakati wa baridi, mwezi wa tano na wa sita, biskuti zake zilikuwa nzuri. Ulipofika mwezi wa kumi zikaanza kutanda kama chapati na kushikana katika sinia. Watoto wakaenda kununua kwa mwingine. Akaja kwangu akasema: «Dada, unga ni ule ule, sukari ni ile ile. Je, nimelogwa?» Nikamjibu: «Hapana, mama. Tuangalie siagi.»

Siagi ilikuwa imelainika kama mafuta, kwa maana mwezi wa kumi ndio wa joto kali kwetu. Siagi huyeyuka upesi, kabla unga na yai havijapata joto la kukaza. Ikiingia motoni imekwisha kulegea, donge humwagika. Ikiingia baridi, hukawia kuyeyuka, na kumbe kingo zimekwisha kushika.

Mama yule hana friji (naye mwenye friji hutazama taa kwanza, kama umeme upo). Basi tulikanda jioni, gramu 300 za unga, 150 za siagi, 120 za sukari na yai 1. Tukafunika bakuli, tukaliweka ndani ya beseni la maji baridi usiku kucha. Alfajiri tukakata kwa mdomo wa glasi, unene wa nusu sentimeta, zote sawasawa, maana nyembamba huungua zikingoja nene. Siku ile alirudi na sinia tupu.

Usikande biskuti kama mkate. Mkate wataka unga wenye kuvutika. Biskuti yataka unga wa kuvunjika, basi donge likishikana, acha. Tena wako wanaozidisha soda ili biskuti ziwe kubwa: huwa pana tu, nyeusi na chungu.

Sisi twachoma juu ya mbabula, katika sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Zitoe mara kingo zikiwa za kahawia, hata kama katikati kungali laini kwa kidole. Hapo wengi huogopa, wakaziacha mpaka zikauka kama kigae. Biskuti ya moto ni laini siku zote, hukakamaa ikipoa. Usizifungie mkebeni zikiwa na joto, mvuke wake wenyewe utazilegeza. Na siku za mvua zikilegea, zirudishe katika sufuria ya moto dakika chache, kisha zipoe wazi.