Pauni Hamsini za Kila Mwezi

Muuguzi mmoja wa Leeds, Uingereza, hutenga pauni 50 za mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya uzee. Mwanzoni alivutwa na mfuko wa hisa uliosifiwa kwa faida ya mwaka uliotangulia. Ada yake asilimia 1.5 kwa mwaka. Wa pili haukuwa na mbwembwe: hununua hisa za makampuni yote yaliyomo katika orodha ya soko, bila bingwa wa kuchagua, kwa asilimia 0.2. Mfuko wa namna hiyo John Bogle aliufungulia umma wa Marekani mwaka 1976, na wengi wakaucheka.

Tofauti hiyo yaonekana kama punje ya mtama. Lakini hisa zikikua kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 30 ada kubwa itakuwa imemla zaidi ya pauni 7,500, naye ameweka 18,000 tu!

Wakala wa mtandaoni aliyetaka pauni 5 kwa kila ununuzi alimkataa. Hiyo ni sehemu ya kumi. Fedha za dharura aliziacha benki, kwani hisa huweza kuanguka mwaka uleule paa linapovuja.