Nyota jirani yetu haina habari ya egzame



Sisi kapita wa shule, pamoja na wenzetu wa kalasi ya mwisho, tumepewa ukurasa huu, nasi tumechagua kusema juu ya nyota. Si kwa kujionyesha kuwa wenye akili. Ni kwa sababu tangu mwezi wa nne neno hilo linatembea ndani ya dortuari kuliko neno la masomo. Mmoja anasema: «Miye nyota yangu iko chini.» Mwingine anajibu: «Ya kwangu walishaifunika kule nyumbani.» Tena tunajua wenzetu watatu waliotoa pesa kwa mtu anayesema anasafisha nyota, ili wapate asilimia 50 zao kwenye egzame ya Serikali. Pesa ile ilitoka katika mihogo na mawese ya mama zao. Hatutaji jina la mtu. Lakini tumeona vema kuuliza swali moja: nyota yenyewe ni kitu gani?

Tuchukue moja tu, ile iliyo jirani. Mwezi wa sita ukiisha, saa mbili za usiku, simama katika kiwanja cha mpira, utazame kusini, upande wa Kasongo. Utaona nyota nne zilizopangwa kama msalaba. Kushoto kwake kuna nyota mbili zenye nguvu. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba, tena inayong'aa kuliko mwenzake, inaitwa Alpha Centauri. Katika nyota zote za usiku inashika nafasi ya tatu kwa kung'aa. Watu wa Ulaya wakiwa kwao hawaioni kabisa, sisi wa Pangi tunaiona bila chombo chochote.

Jicho linaona moja, kumbe ziko mbili. Padri mmoja Mfaransa, Jean Richaud, alizitenganisha kwa darubini mwaka 1689, akiwa Uhindi. Ya kwanza, A, inafanana sana na jua letu: uzito wake ni kama jua na sehemu moja ya kumi juu yake, inatoa mwangaza mara moja na nusu ya jua, na joto la uso wake ni karibu digrii 5,500. Ya pili, B, ni ndogo kidogo. Inatoa karibu nusu ya mwangaza wa jua, na joto lake linafika digrii 5,000 hivi. Zote mbili zinazungukana, na mzunguko mmoja unachukua karibu miaka 80. Maana yake babu aliyezaliwa leo mzunguko unapoanza ataona mwisho wake kama Mungu akimpa uzee.

Iko na ya tatu, Proxima. Hii ndiyo nyota iliyo karibu nasi kupita zote, lakini macho matupu hayaioni, kwani ni ndogo na nyekundu, na uzito wake ni sehemu moja ya nane ya jua. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg, hapa hapa Afrika. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba iko na sayari inayoizunguka kwa siku 11 tu.

Sasa, jirani huyu yuko mbali namna gani? Mwangaza unakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na toka Alpha Centauri mpaka hapa unatumia miaka 4 na miezi minne hivi. Sisi wa kalasi ya mwisho tukitazama usiku, tunaona mwangaza uliotoka kule wakati tulipokuwa kalasi ya nane, kabla ya Pasaka. Egzame yetu nyota ile haiko na habari yake. Hata kama ingekuwa na macho, ingetuona bado tuko watoto wa kalasi ya nane.

Kwa wadogo wetu tupige mfano. Weka hapa Pangi chungwa kubwa la sentimeta 8 na nusu, liwe jua. Dunia yetu itakuwa kama punje ya mchanga, mita 9 toka chungwa. Na nyota A itakuwa wapi? Itakuwa chungwa lingine kubwa kidogo, kule Johannesburg! Katikati, njia nzima, karibu hakuna kitu. Chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kilometa 17 kila sekunde. Kama kingeelekea kule, kingetumia zaidi ya miaka 70,000.

Wengine watasema: «Nani alipima na kamba?» Swali ni zuri. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho la kuume, kisha la kushoto. Kidole kinaruka mbele ya ukuta. Watu wa nyota wanafanya vile vile: wanapima nyota leo, na tena baada ya miezi sita, dunia ikiwa imefika upande mwingine wa jua. Nyota ya karibu inaonekana imeruka kidogo mbele ya zile za mbali. Pembe inayotafutwa ni ndogo sana, kama upana wa ukucha wa sentimeta 1 ukitazamwa toka kilometa karibu 3. Thomas Henderson aliipima kule Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833. Lakini alisitasita na hesabu zake, akazitoa mwaka 1839. Mjerumani Bessel alikuwa amekwisha kutoa zake mwaka 1838 juu ya nyota nyingine, na sifa ya kuwa wa kwanza ikamwendea yeye. Wenzetu wenye kuacha zoezi nusu-nusu, mmesikia.

Kwa njia hiyo ya kupima tumejua pia kwamba macho yanadanganya. Ile nyota ya pili iliyo kando ya Alpha Centauri, tunayoidhani ndugu yake, iko mbali karibu mara 90 kuipita. Kwa macho zinashikana mikono, kweli hazijuani.

Basi nyota ni moto wa gesi, ni uzito, ni joto. Kinachoamua maisha yake ni uzito wake: nzito inawaka kwa nguvu na kuisha mapema, ndogo kama Proxima inatumia akiba yake polepole. Haifunikwi na shangazi wala haisafishwi kwa majani. Inawaangazia sawasawa wa Pangi, wa Kalima na wa Kampene, mwenye kusoma na mwenye kulala.

Hatuwacheki wenzetu watatu. Woga wa egzame tunao sisi wote, na anayejua kwamba nyumbani wameuza mbuzi kwa ajili yake haponi woga kwa kuambiwa «usiogope». Ila pesa iliyobaki isiende tena njia ile. Tunapendekeza kila mmoja wa kalasi ya mwisho atoe kidogo anachoweza, tununue mafuta ya taa na kunakili maswali ya miaka iliyopita, tuyafanye pamoja kila jioni baada ya chakula. Aliye na nguvu katika hesabu akae na asiye nazo. Orodha iko kwetu, mlango wa kwanza wa dortuari. Na yule anayetaka kuonyeshwa Alpha Centauri aje kiwanjani Jumamosi, kama mawingu hayapo. Ni bure.