Kumgeuza Mgonjwa

Daftari langu la mwaka 2002 ninalo bado. Ni mojawapo ya yale ya watoto wa shule ya msingi, yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila ukurasa una jina la mgonjwa, tarehe na maneno mawili: "Hali mbaya." Siku nyingine nimeandika, "Hali mbaya sana." Basi.

Hatukufundishwa kuandika zaidi. Tulikuwa akina mama 12 wa Tandika, Dar es Salaam, tuliochaguliwa kuwahudumia wagonjwa majumbani kwa kuwa tulikuwa na huruma na wengi wetu tulishauguza. Mimi nilikuwa nimemzika shangazi mwaka mmoja kabla. Semina ilichukua siku 2. Mkufunzi alichora kirusi cha UKIMWI ubaoni, akaeleza kinavyoingia mwilini, tukagawiwa glavu, sabuni, pamba na pakiti za kuchanganyia maji ya anayeharisha. Siku ya tatu nilikuwa milangoni mwa watu, napiga hodi.

Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa jirani, aliyelala chali wiki kadhaa. Nilimshika makwapani, nikamvuta ili akae. Alipiga yowe ambalo hadi leo likinijia naacha ninachofanya. Ngozi ya mgongo ilikuwa imegandana na shuka, na kidonda kilishaingia ndani. Mama yake akaniambia, "Mwanangu, mwache apumzike." Alinionea huruma mimi. Kwamba asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2, tena havutwi, anageuzwa kwa shuka lililokunjwa chini yake, watu wawili, mmoja kila upande, hayo niliyajua miaka baadaye. Kufundishwa kungechukua nusu saa. Nusu saa hiyo inaniuma.

Mwaka 2004 Serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, kazi ikabadilika. Wagonjwa wakainuka. Tukawa tunasindikiza watu kliniki na kuhesabu vidonge, na majumbani tukakuta yaliyoachwa na maradhi: bibi mmoja na wajukuu watano, chumba kimoja. Hapo glavu hazisaidii kitu.

Mwaka 2008 niliitwa kwenye mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii. Mwalimu wetu alikuwa amesomea Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Miaka yote ile elimu hii ilikuwa jijini humuhumu, na sisi tunahangaika Tandika bila kuijua! Darasani tuliigiza. Mwenzangu akawa yatima, mimi mhudumu. Nikaanza: "Umekula? Shule unakwenda? Nani anakupiga?" Mwalimu akanisimamisha. Akaniambia nikae mkekani, nisimsimamie mtoto kichwani. Niulize jambo moja, kisha ninyamaze. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulinishinda kuliko kuosha kidonda. Baada ya muda mwenzangu, mtu mzima mwenye watoto wake, akaanza kulia kweli.

Tulipelekwa mitaani chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, halafu tukarudi darasani na madaftari yetu. Langu la mwaka ule limejaa: nani anachota maji, nani analala na nani, mtoto yupi hasemi neno baba mdogo akiwepo. Mstari huo wa mwisho ndio uliotufikisha serikali ya mtaa, na kutoka pale polisi. Kwa daftari la "hali mbaya" mtoto yule angebaki nyumba ileile.

Watu husema kazi hii ni wito. Wito ninao. Lakini wito haukunifundisha kumgeuza mgonjwa, na kwa miaka mingi neno hilo ndilo tulilolipwa, pamoja na nauli.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye mafunzo ya miezi 6 na posho. Binti wa mdogo wangu amejiunga. Juzi usiku alitaka mtu wa kujifunzia, nikajilaza kitandani, nikalegeza viungo kama nisiyejiweza. Akanawa mikono. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mama mkubwa, nataka kukugeuzia upande wa kushoto. Unaniruhusu?"

Yule kijana sikumwomba ruhusa hata siku moja. Nikamwambia binti aendelee, na asisahau mto katikati ya magoti.